Alama Themanini kwa Mwalimu wa Mbwa

Nilipewa kazi ya kuwapima walimu wa mbwa kwa sababu moja tu: pale ghalani mimi ndiye niliyekuwa na cheti cha kidato cha nne. Sikuwahi kufuga mbwa. Nyumbani kwetu Njombe mbwa alikuwa wa babu, na babu alifariki kabla sijaanza shule. Lakini meneja aliniita ofisini, akanisogezea karatasi mbili za fulskepu, akasema, "Ndugu Karani, wewe umesoma. Tengeneza mtihani." Nikatengeneza. Ndivyo tulivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Ukiwa na kalamu kwenye mfuko wa shati unaulizwa jambo lolote, na kibaya zaidi, huoni aibu kulijibu.

Ghala lilikuwa Mbeya, upande wa Mwanjelwa. Tulihifadhi kahawa, pareto na mbolea. Reli ya kwenda Zambia ilikuwa inajengwa, mji ulijaa wageni, na magunia yetu yalikuwa yanapungua. Tulikuwa na mlinzi mmoja, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa makamo mwenye mke na watoto watano waliokula kwa kazi ile. Alikuwa na mbwa jike, mwekundu, aliyemlea tangu akiwa mdogo kiasi cha kuingia kwenye mfuko wa kabuti lake. Alimwita "mwenzangu". Akija mtu getini, mbwa alibweka mara mbili tatu, mlinzi akasema, "Ndaga, mwenzangu, nimesikia," naye akanyamaza. Ndaga kwa Kinyakyusa ni asante.

Meneja alikereka. "Mbwa anayeshukuriwa huyo si mbwa wa ulinzi," alisema. "Atafutwe mwalimu amkalishe sawa. Na kama mbwa akishafundishwa bado tunaibiwa, basi mwenye kasoro ni mlinzi, na mlinzi ataondoka."

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilijua ninachokipima. Ningechagua mwalimu mbaya, yule bwana angerudi Tukuyu mikono mitupu. Nilijua, na bado nilikaa chini nikapanga alama hivi: ukali wa mbwa arobaini, kasi thelathini, utii ishirini, usafi wa mwalimu kumi. Usafi wa mwalimu! Mpaka leo nikikumbuka zile alama kumi za shati lililopigwa pasi, damu inanichemka. Hapakuwa na hata alama moja ya kuuliza kama mbwa anamjua mwizi na asiye mwizi.

Walikuja walimu wawili, wote kutoka Iringa.

Wa kwanza watu walimwita Sajini. Alisema amekuwa jeshini enzi za Mwingereza, na hakuna aliyemwomba cheti, hata mimi niliyekuwa nathamini vyeti kuliko chakula. Alivaa kaki, soksi ndefu, filimbi shingoni, fimbo ya mwanzi kwapani. Alimwamrisha mbwa wake kwa Kiingereza, na kila amri aliitoa kama vile mbwa amemtukana mama yake.

Wa pili alikuwa mzee wa Kihehe, mwindaji wa nguruwe pori kutoka milima ya Kilolo. Alivaa kaptura kuukuu na ndala za tairi. Mbwa wake alikuwa mwembamba, mwenye kovu mgongoni, akamfuata bila kamba mpaka uwanjani nyuma ya ghala.

Ilikuwa Oktoba, jua kali, vumbi mpaka kwenye meno. Wapakiaji wa magunia walipanda juu ya ukuta kama wanaotazama mpira. Mzee alisalimia, "Kamwene," na kabla hajaitikiwa mpakiaji mmoja akapaza sauti:

"Mzee, huyo mbwa umemleta afundishwe au umemleta na chumvi yake?"

Walicheka mpaka mmoja akaanguka. Asiyekaa nyanda zetu ajue kwamba utani wa Wahehe na nyama ya mbwa ni wa siku zote, hata kwenye msiba unatolewa. Mzee hakukasirika. Alimtazama yule kijana juu ya ukuta, akamkagua miguu mpaka kichwa.

"Huyu ni wa kazi," alisema. "Wa mchuzi nimekuja kumchagua huku kwenu. Ila wewe umekonda, mwanangu. Kaa tu hapo ukutani."

Wakacheka zaidi. Nami nilicheka, na kucheka si kosa. Kosa ni kwamba nilipoinamia karatasi yangu, kicheko kile kiliingia kwenye kalamu. Nilikwisha kumwona mzee kama mtu wa mzaha kabla mbwa wake hajasogeza hata mguu.

Sajini alianza. Alimchukua kibarua mmoja, akamfunika blanketi zito la kijivu kichwani hadi magotini, lile lililouzwa maduka yote ya Wahindi, akampa kijiti. Kibarua akamchapa mbwa puani mara tatu, kisha akakimbia. Sajini akapuliza filimbi, akaachia mnyororo. Mbwa aliruka kama kitu kilichofyatuliwa, akalishika blanketi, akalivuta mpaka kibarua akaenda chini akipiga kelele za kweli. Sajini alimtoa kwa kumpiga fimbo kwenye fuvu. Wapakiaji walishangilia. Nilijaza arobaini kwenye ukali bila kufikiri.

Nilimwuliza anawafanyaje mbwa wakafikia hapo. Alijibu kwa fahari, kama mtu anayeeleza mapishi. "Siku saba ndani ya pipa la mafuta, mfuniko una matundu. Pilipili kichaa kwenye uji. Kila asubuhi mtu wa blanketi anakuja kumchapa, anaondoka. Siku ya nane ukimfungulia, Ndugu Karani, hutamtambua."

Niliandika maneno hayo yote kwa mwandiko mzuri. Sikuuliza mbwa anajifunza nini ndani ya pipa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimesoma biolojia, nimechora moyo wa chura kwa penseli za rangi, na sikuuliza.

Kisha mzee. Aliomba watu watatu. Mmoja apite akitembea, wa pili apite akikimbia, wa tatu abebe gunia kutoka mlangoni. Mbwa alilala miguuni pake. Aliyetembea alipita. Aliyekimbia alipita, mbwa akainua sikio tu. Aliyebeba gunia hakufika hatua kumi. Mbwa alikuwa mbele yake, meno nje, akibweka, akimzuia kila upande alikogeukia, bila kumgusa. Mzee alipiga mluzi mdogo wa midomo. Mbwa akarudi, akalala.

"Kwisha?" aliuliza meneja.

"Kwisha."

"Mbona hajauma?"

"Amuume wa nini? Gunia si limesimama?"

Ukutani mtu akasema, "Huyo amechoka, apewe kitanda." Niliandika: ukali, tano. Jumla ya mzee ilikuwa thelathini na moja. Jumla ya Sajini, themanini.

Nilipokuwa nakunja karatasi, mzee alinisogelea, akaongea taratibu ili wengine wasisikie. Aliniheshimu zaidi ya nilivyostahili.

"Mwanangu, mtihani wako nimeuona. Umeuliza mbwa anaanzaje. Hukuuliza anaachaje. Kuuma hakuna wa kumfundisha, kazaliwa nako. Sisi tunahangaika kumfundisha kuacha."

"Mzee, asante, tutakujulisha," nilisema.

Tutakujulisha! Neno la ofisini, la kumfungia mtu mlango huku unamtabasamia. Alirudi Iringa na mbwa wake na hakuna aliyemjulisha chochote.

Sajini alimchukua yule jike mwekundu siku iliyofuata. Alimtia kwenye gunia lililotobolewa. Mlinzi aliingia ofisini kwangu akiwa ameshika kofia.

"Karani, nasikia anatiwa kwenye pipa."

"Ni utaratibu wa mafunzo."

"Utaratibu wa nani? Mtoto ukimtia kwenye pipa siku saba akitoka atakuwa na akili?"

"Mzee, kazi yako ni kulinda. Kazi ya kufundisha ina mwenyewe."

Alivaa kofia yake, akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma," akatoka. Wakati ule nilidhani amekubali.

Mbwa alirudi baada ya wiki sita. Alikuwa amepoteza kipande cha sikio na alinyea palepale alipofungwa. Sajini alimkabidhi kwa saluti, akatuachia amri zake tatu za Kiingereza ambazo mbwa alizifuata yeye akiwepo tu. Mlinzi alichuchumaa kwa mbali, akaongea naye Kinyakyusa nusu siku nzima. Jioni alikuwa anamlisha kwa mkono. Nilimwandikia meneja kwamba mafunzo yamefaulu, maana kwa kweli magunia yaliacha kupungua. Habari zilienea Mwanjelwa kwamba pale ghalani kuna mnyama. Nilisifiwa, na sifa nilizipokea.

Masika yalipita. Mei ikaingia na baridi yake, na kabuti la mlinzi, ambalo lilikuwa la miaka, likachanika mgongo mzima. Alijaza fomu ya kuomba jingine. Fomu ile ilikaa kwenye droo yangu tangu mwezi huohuo kwa sababu ilikosa sahihi, na ofisi ya mwenye sahihi ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwenye kiti changu. Sina maelezo. Nilikuwa naipita kila nilipotafuta rula.

Asubuhi moja ya Juni, umande ulikuwa umeganda mweupe juu ya majani na mabati yanalia kwa baridi, mlinzi alikuja kazini akiwa amejifunika blanketi kutoka kitandani kwake. La kijivu, zito, la dukani kama la kila mtu. Mkono wa kulia ulibeba bakuli la uji wa mbwa.

Niliona kwa dirisha. Mbwa hakubweka hata mara moja. Aliruka kwa urefu wote wa mnyororo, akalipata blanketi, na ndani ya blanketi akaupata mkono. Mlinzi hakupiga kelele. Alisema, "Mwenzangu. Mwenzangu, ni mimi," akarudia hivyohivyo, na kila alipovuta mkono blanketi lilitikisika na mbwa akazidi. Tulimtoa wanne kwa mpini wa koleo. Blanketi lilipoanguka chini, mbwa aliona uso wa aliyekuwa anamng'ata. Alirudi nyuma mpaka ukutani, akajikojolea.

Mtu mwenye macho hakuhitaji shule kuelewa. Wapakiaji walielewa palepale. Yule aliyemtania mzee alisema, "Si ndivyo alivyofundishwa? Kafundishwa kuuma blanketi," akatema mate chini. Mbeya nzima mwezi wa Juni inavaa blanketi. Wakulima wanaoleta pareto wanavaa blanketi, kina mama wanaouza viazi wanavaa blanketi. Tulikuwa tumemlipa mtu atufundishie mbwa wa kushambulia nyanda zote za juu kusini wakati wa baridi, na mwizi aje tu na shati lake.

Nilitaka kumsema Sajini peke yake hapa. Nimeanza sentensi hiyo mara nyingi. Alikuwa mkatili na mjinga, na alilipwa kwa vyote viwili. Lakini aliyempa alama themanini ni mimi. Meneja alitaka taarifa kabla ya saa sita, nami nikamwandikia. Niliandika kwamba mlinzi alikuja kazini bila sare, amevaa vazi lisiloruhusiwa, na kwamba alimzoesha mbwa vibaya kwa kumlisha kwa mkono kinyume cha maelekezo ya mwalimu. Kila sentensi ilikuwa na ukweli ndani yake. Niliziweka pamoja zikawa uongo mtupu, na hilo nililiweza vizuri kuliko kazi yoyote niliyofanya pale. Droo sikuitaja.

Wiki iliyofuata Sajini aliitwa kutoka Iringa, na mchana tukakusanyika getini. Mlinzi alikuwepo, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Vidole viwili havikukunja tena maisha yake yote.

"Mbwa wa kazi habembelezwi," alisema Sajini akigonga soksi kwa fimbo. "Mimi niliwapa chombo kizuri. Huyu mzee kakiharibu."

Mlinzi alisogea mbele. Alimpa mpakiaji mmoja blanketi amshikie, akaenda na shati tu mpaka alipofungwa mbwa. Meneja alisema, "Wewe, utakufa." Mbwa alijinyoosha chini, akasogea kwa tumbo, akalamba bandeji. Mlinzi akarudi, akalichukua blanketi kwa mkono wa kushoto, akamnyooshea Sajini.

"Ndugu Mwalimu, mwanafunzi wako yule pale. Jifunike, mpite karibu."

"Mimi si mtu wa kufanyiwa mchezo," alisema Sajini, akatazama saa.

Watu walianza kuguna. Mlinzi akanigeukia mimi.

"Basi karani. Wewe ndiye uliyesahihisha mtihani, ukaandika na hiyo taarifa kwamba kosa ni langu. Kama ni langu, blanketi halina neno. Vaa, uende ukamguse."

Lilikuwa mbele yangu, na lilikuwa bado na matundu ya meno. Meneja alinitazama. Nilikuwa na njia mbili tu, nilivae au niseme kwamba taarifa yangu si kweli. Nikasema, "Nina kazi ofisini."

Mpakiaji yuleyule akasema, "Karani ana kazi, jamani, mpisheni." Safari hii hakuna aliyecheka. Nilipita katikati yao. Taarifa ilikuwa na sahihi yangu na muhuri, na siku ileile mlinzi alipewa barua ya kuachishwa kazi. Ilisema ni mzembe, na kwamba asipewe kazi ya ulinzi mahali pengine. Mbwa aliamriwa auawe. Mlinzi aliomba apewe yeye. Meneja akasema, "Mchukue, utatupunguzia risasi," nao wakaenda zao kwa miguu njia ya Tukuyu.

Sajini aliendelea kufundisha. Nilisikia amechukuliwa na mashamba fulani huko Mufindi, kwenye baridi kali kuliko ya kwetu. Sikuandika barua kuwaonya. Mimi nilipandishwa cheo.

Ilikuwa karibu mwisho wa miaka hiyo ya sabini nilipoenda kumwona mlinzi. Nilikuta nyumba ndani ya migomba, mke wake akichambua maharage. Mwenyewe alikuwa analima kwa mkono mmoja na nusu. Alinipokea, akanipa kiti, akaniuliza habari za ghala kana kwamba ni kwake. Mbwa alikuwa amekufa kwa uzee mwaka uliotangulia. Nilimwuliza kama aliwahi kuuma tena.

"Ah, hapana. Nilimtandikia blanketi chini, mbali naye. Siku ya kwanza alilia tu. Kesho yake nikaweka bakuli hatua mbili kutoka kwenye blanketi. Keshokutwa hatua moja. Mpaka akala juu yake. Ilichukua miezi mitatu. Mwishoni alikuwa halali bila hilo blanketi, mke wangu analalamika kwa baridi."

"Kweli, analalamika bado," mke wake alisema bila kuinua kichwa. "Na lenyewe lilikuwa la mahari."

Mlinzi hakuwa na filimbi wala kaki, na hakuna aliyewahi kumwita mwalimu. Nimewaona wengine wengi baada ya hapo, maana nilipata tabia ya kuwatazama: wanaokata masikio, wanaotia nyigu kwenye chakula, wanaojisifu kwamba mbwa wao hata wao wenyewe wanamwogopa. Wote wanatangazwa kwa ukali, na wote wanapata wateja kama mimi. Nikiona mtu ameegemea uzio akishangilia mbwa anayerarua nguo, natamani kumshika kola. Sijawahi kumwona mwingine aliyemrudisha mbwa kutoka mahali pale kwa bakuli na subira.

Nilimwuliza nimfanyie nini. Alikuwa amelifikiri zamani.

"Niandikie barua nyingine. Ile ya kwanza inanifuata. Nilikwenda kuomba ulinzi kwenye kiwanda, wakaisoma, wakanirudishia. Wewe unajua kuandika."

Nilikuwa na kalamu. Niliandika palepale juu ya goti. Bado nilikuwa mtumishi, meneja bado alikuwa meneja, nami nikachagua maneno. Niliandika kwamba baada ya kuangalia upya, uzembe wa ndugu aliyetajwa haukuthibitika, na kwamba ajali ilitokana na mazingira. Alimpa mke wake aisome, kwa kuwa yeye macho yalikuwa yameanza kuchoka. Mama yule alisoma polepole mpaka mwisho.

"Rudia hapo," alisema mume. Akarudia.

"Mazingira," alisema mlinzi. "Karani, mazingira ni nani?"

Aliikunja ile barua vizuri kwa vidole vitatu vilivyokuwa vinafanya kazi, akanirudishia.

"Kaa nayo. Hii haijasema kitu."

Nilikunywa chai yao, nikaaga, nikarudi Mbeya nayo mfukoni. Nilijiambia nitaandika nyingine nikistaafu. Alifariki kabla sijastaafu, na ghala lilikuwa limekwisha kufungwa, hakuna wa kumpelekea.

Basi ni hivi. Mlinzi hakuwa na kosa lolote. Mbwa alifanya alichofundishwa. Aliyemfundisha alichaguliwa na mimi, fomu ya kabuti ilikuwa kwenye droo yangu, na taarifa ya uongo niliiandika mimi kwa mkono wangu, nikijua.